Chale za Upande wa Kushoto

Kabondo, Kisangani, baada ya sala ya alasiri

Zaina mwanangu,

Salamu sikuandikii, kwa kuwa tuko nyumba moja na ninakusikia hapo ndani ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka ubebe sufuria mbili, wewe unataka vitabu, na tangu asubuhi hakuna aliyeshinda. Mimi nimejitenga huku nyuma ya nyumba, kwenye benchi la kufulia, nimewaambia naandika ripoti ya dispanseri. Ni uongo wa mchana kweupe na mama yako anajua, maana ripoti huwa naiandika kwa kunung'unika na leo niko kimya.

Kesho unakwenda Yahuma, muuguzi peke yako, bila daktari, bila mtu wa kumwita ukikwama. Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha nimemwachia mama yako. Amekwisha kuyasema mara tatu na atayasema ya nne bandarini. Mimi nina jambo moja tu ambalo sijawahi kukuambia. Ni juu ya mtu niliyempima vibaya mara baada ya uasi, na kwa miaka yote hii sikujua kama kalamu yangu ilimuua au la. Wiki iliyopita nimejua. Ndiyo maana uliniona nikirudi kazini nikicheka peke yangu, ukamwuliza mama yako, "Papa iko muzima kweli?" Niko mzima, mwanangu. Sijawa mzima hivi tangu ulipokuwa na miaka kumi na mitano.

Lakini nianze mwanzo, usije ukafikiri baba yako alizaliwa na stetoskopu shingoni.

Kabla ya uhuru kazi yangu ilikuwa kushika na kutafsiri. Dokta wetu, Mbelgiji mmoja mrefu aliyekuwa akitokwa jasho hata asubuhi, ndiye aliyepima. Mimi nilimshika mgonjwa mabega, nikageuza Kifaransa kuwa Kiswahili au Lingala, kisha nikageuza majibu kurudi Kifaransa. Stetoskopu niliruhusiwa kuifuta kwa spiriti, basi. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, wagonjwa wachache, akaniambia, haya Amisi, mpapase huyu tumbo. Mgonjwa alikuwa mkulima kutoka upande wa Yangambi, amekonda, tumbo limetangulia mbele. Nikatia vidole chini ya mbavu za kushoto nilivyokuwa nikimwona yeye akifanya, nikabonyeza, nikatangaza kwamba hakuna kitu.

"Hakuna?" Akanishika mkono, akaushusha mpaka chini kabisa, karibu na kinena upande wa kulia, akaniambia nianze hapo, nipande polepole kwenda kushoto, na kila hatua nimwambie mgonjwa avute pumzi. Nilipofika karibu na kitovu, bandama likaja likanigonga vidole, ukingo wake mgumu. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba pale juu nilipobonyeza mwanzo, kiganja changu chote kilikuwa kimelala juu yake nami nikadhani ndilo tumbo lenyewe. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo naanza chini, hata kwa mtu aliyekuja na jino.

Unajua yaliyofuata. Uhuru ukaja, tukacheza barabarani, na baada ya muda si mrefu dokta akafunga masanduku yake akaondoka, na wenzake vilevile. Aliniachia ufunguo wa kabati ya dawa juu ya meza, na stetoskopu kando yake. Sijui kama aliisahau au alinipa. Nikaivaa. Nilivyoivaa, Zaina! Niliivaa sokoni, niliivaa kwenye harusi ya binamu yako, mpaka mama yako akaniuliza, "Amisi, na ku choo utaenda nayo?" Watu walianza kuniita docteur, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa naiweka juu ya shati la mtu, nafumba macho, natikisa kichwa, wala sisikii kitu zaidi ya mkwaruzo wa kitambaa. Mgonjwa alifurahi, nami nilifurahi, na ugonjwa uliendelea na safari yake.

Unamkumbuka Mama Mwajuma, mke wa Mzee Ramazani fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliletwa kwangu na mumewe, anapumua kwa shida. Kwa desturi yetu sisi watu wa msikitini, mke wa mtu simvui nguo. Nilimwuliza mume, mume akamwuliza mke, mke akamjibu mume, mume akaniambia mimi. Nikasema ni pumu, nikampa vidonge. Haukupita muda, sikukuu ya Idi ikafika, na Mama Mwajuma akaja kutusalimia amevaa viatu vya mumewe. Viatu vya kiume, vyeusi, kamba zimefunguliwa. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasema siku hizi Mzee Ramazani anatembea peku kwa mapenzi. Walipoondoka mama yako akabaki amesimama na sahani mkononi.

"Juu ya nini unacheka?" akaniambia. "Hauone miguu yake? Imejaa maji. Viatu yake yote haiingie tena."

Nilikwenda siku ileile, nikamwomba Mzee Ramazani ruhusa, mama yako akaja pamoja nami akashika kitenge kwa heshima, nikabonyeza kidole juu ya mfupa wa muundi. Kikabaki kishimo unachoweza kuwekea punje ya mahindi. Ule haukuwa ugonjwa wa pumu, ulikuwa moyo uliochoka. Tulibadilisha dawa, akaishi miaka mingine akiniita mwizi wa viatu kila tulipokutana. Nimekuandikia hili ili ujue kwamba katika nyumba hii mtu mwenye jicho la kupima ni mama yako, na wewe umelirithi kwake. Mimi nilijifunza kwa kugonga ukuta.

Sasa nafika penyewe.

Uasi ulipoufikia mji, mimi nilibaki na wagonjwa, ninyi mkaenda kwa shangazi yako shambani, upande wa Masako. Sitakusimulia miezi ile. Ya kwako unayajua, na ya kwangu mengi nimeyaacha yalale. Askari wa serikali walipoutwaa tena mji, watu wakaanza kutoka msituni kidogo kidogo, wachafu, wana njaa, hawana karatasi. Ikaamriwa kwamba kila mwanaume mtu mzima apite kwanza vizite ya afya, yaani kupimwa mwili, kabla hajapewa kibali cha kukaa mjini. Iliwekwa kwenye banda la mizigo bandarini. Meza mbili. Ya kwanza yangu, ya kuandika fishi ya kila mtu: jina, kijiji, kazi, na hali ya mwili. Ya pili ya afisa, ambaye alisoma fishi na kuamua.

Afisa alinivuta pembeni asubuhi ya kwanza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hilo lilinitisha zaidi. Wewe unajua kwamba vijana wa uasi walichanjwa na waganga wao, chale kifuani au kwenye paji la uso, zikapakwa dawa ili risasi isiwaingie. Afisa naye alijua. Akasema, "Muganga, chale yoyote mpya unaandika. Yoyote. Usiniletee maelezo, andika tu kile unaona." Kisha akasema kwamba amesikia familia yangu iko Masako, na kwamba kazi ikienda vizuri ataniandikia karatasi ya kuwapitisha kwenye vizuizi vya njiani. Nilikuwa sijawaona kwa miezi. Nilisikia watu wanakufa kwenye njia ile. Nikasema ndiyo, mon commandant.

Ngoja nikukumbushe kitu ambacho shuleni kwenu hawakukifundisha, kwa sababu waliotunga vitabu vile hawakuzaliwa hapa. Huku kwetu mtu akiumwa mahali, mama mkwe wake au fundi wa kijiji humchanja hapohapo, kisha hupaka majivu ya majani. Kichwa kikiuma, chale kichwani. Mgongo ukiuma, chale mgongoni. Utaziona Yahuma kila siku. Usizidharau wala usiwagombeze. Mgonjwa mwenye chale amekuandikia mwilini historia ya maumivu yake kabla hujafungua mdomo, ni wewe tu kuuliza za lini na za nini. Nilijua hayo vizuri kuliko afisa, kuliko hata dokta wetu wa zamani. Nilikuwa mtu pekee katika banda lile aliyeweza kuzisoma.

Wa nane au wa tisa katika mstari alikuwa mtu wa Yanonge. Jina lake Lofemba. Nilimwuliza kazi yake, akasema, "Mie nachongaka mitumbwi, docteur." Akavua shati. Na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu niliyaona yote. Bega la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto, bega la mtu anayetumia tezo tangu utotoni. Viganja vilikuwa vigumu kama soli. Ndani ya kope pamepauka, hakuna damu. Tumbo limejaa kidogo upande mmoja. Na chini ya mbavu za kushoto, mistari miwili ya chale, bado nyeusi kwa majivu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema bandama. Wewe ungesema bandama ukiwa umesimama mlangoni.

Ilibaki kumlaza na kuweka mkono, dakika moja tu. Lakini mstari ulikuwa mrefu, afisa alikuwa akigonga meza kwa kalamu, nami nilikuwa nafikiria ile karatasi yenu. Nikaandika: chale mpya, upande wa kushoto. Kila neno lilikuwa la kweli, Zaina. Nilipomaliza nilijisikia nimefanya kazi safi.

Fishi ikaenda meza ya pili. Afisa akasoma, akainua kidole. Askari wawili wakamshika Lofemba mikono, hata shati hakupewa nafasi ya kuvaa, wakampeleka kwenye lori lililosimama nyuma ya banda. Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mgonjwa anayesubiri nimtafsirie alichosema dokta.

Ningeweza kusimama nikasema, subiri, huyu sijammaliza. Muuguzi anasema hivyo kila siku, haikuhitaji ushujaa. Nilivuta fishi nyingine. Afisa akasema, "Mwengine," nami nikamwita mwengine. Lori liliondoka kabla ya adhuhuri.

Huyo mwengine naye alikuwa na chale, mgongoni. Sasa nilielewa ninachokiandika. Nikamlaza juu ya magunia, nikamgonga mgongo kwa vidole, kulia sauti tupu, kushoto sauti iliyozibwa, nikasikiliza, na nikaandika mistari saba: chale za matibabu, kikohozi cha siku nyingi, maji kwenye pafu, apelekwe dispanseri. Afisa akaniita. "Nilikuambia nini juu ya maelezo?" Nikapata jibu ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. Nikamwambia, mon commandant, nikikuandikia nusu, utampakia mtu wa kifua kikuu katika lori moja na askari wako, na mwezi ujao kambi nzima inakohoa damu. Akavuta kiti chake nyuma. Kuanzia hapo sikuambiwa tena juu ya urefu wa maandishi yangu.

Siku zote zilizofuata niliweka mkono juu ya kila mtu. Na nitakuambia na hili, kwa sababu kesho wewe si mtoto tena. Kulikuwa na vijana waliokuja na chale katikati ya kifua ambazo wewe na mimi tunajua ni za nini. Niliweka stetoskopu, nikasikia pumzi inaingia na kutoka vizuri kabisa, nikaandika mapafu mabovu. Nilidanganya. Mmoja alikuwa na afya ya nyati nikamwandikia pumu ya kurithi, mwenyewe akanishangaa. Sikufundishi udanganye kwenye fishi. Fishi ikidanganya, mwenzako atatoa dawa isiyofaa. Lakini nikiulizwa siku ya hukumu, kwa hizo sitaomba msamaha. Ile ya kweli ndiyo niliyoiombea msamaha kila siku.

Siku ya nne afisa alinipa karatasi, na mkaja. Mama yako mbele amejifunga kitambaa kichwani, wewe nyuma na kuku kwapani, miguu imejaa funza. Uliniona ukatupa kuku. Nilikukumbatia, na vidole vyangu vikahesabu mbavu zako bila kutumwa, na pale pale nikamkumbuka yule mtu bila shati. Nilikuwa na furaha kubwa kupita furaha zote za maisha yangu na aibu kubwa, yote kwa wakati mmoja. Ulisema, "Papa, unalia juu ya kuku?" Nikasema ndiyo.

Usiubebe huo mzigo. Najua akili yako, utaanza kusema ni kwa ajili yangu. Si kwa ajili yako. Wewe ulikuwa mtoto shambani. Aliyekuwa na mkono na hakuutumia ni mimi.

Mama yako nilimwambia mwaka wa pili. Akanisikiliza hadi mwisho akasema, "Basi umutafute. Yanonge haiko mbali." Na kweli haiko mbali. Boti zinakwenda kila juma, wanawake wa Yanonge wanauza samaki wa kukaushwa kwa moshi hapa sokoni, ningeuliza tu, jamani, kuna mchonga mitumbwi anaitwa Lofemba? Nilinunua samaki kwao mpaka mkachoka kula. Sikuuliza. Maadamu sikuuliza, alikuwa bado hajafa. Ndivyo baba yako alivyojitibu, na ukikutana Yahuma na mtu anayeogopa kuja kupimwa kwa sababu anaogopa jibu, usimwite mjinga, mpe kiti, umwambie una baba wa aina hiyo.

Jumatatu iliyopita nilikuwa na wagonjwa wengi wa homa kwenye benchi, kama kila msimu wa mvua. Nilimwita anayefuata bila kuinua macho, nikamwambia avue shati. Kwanza niliona bega. Kisha mistari miwili chini ya mbavu, sasa imefifia, imelala sawa na ngozi. Nilikaa chini, na kiti kilikuwa mbali kidogo kuliko nilivyodhani, nusura niende sakafuni.

Nilimlaza. Niliogopa kwamba nikisema kwanza sitaweza kupima. Nikaweka mkono chini upande wa kulia, nikamwambia avute pumzi, nikapanda, avute tena, nikapanda. Vidole vitatu chini ya mbavu, bandama lilikuwepo. Gumu, ukingo wake umenyooka, halijaniambia uongo. Siku ile pia ningelikuta.

"Unanijua?" nikamwuliza.

"Nakujua, docteur. Weye njo ulikuwa ku meza ya kwanza."

"Ile fishi yako niliandika mimi."

"Najua. Nilikuona unaandika." Alikuwa bado amelala, anatazama dari. "Mukono yako ilikuwa inatetemeka sana. Nikajisemea, masikini, ule docteur iko na malaria, na hakuna mutu wa kumupima."

Nilicheka, Zaina. Nilicheka nikalia, mgonjwa wa nyuma akachungulia mlangoni akaambiwa arudi akae. Kumbe siku ile katika banda lile kulikuwa na mtu mmoja aliyempima mwenzake vizuri, na si mimi.

Akanisimulia akiwa anafunga vifungo. Lori liliwapeleka kambini, upande wa juu wa mto. Walipangwa mstari. Sajini mmoja alipita akiwatazama, alipofika kwake akamshika mkono, akaugeuza, akapitisha dole gumba juu ya kiganja. "Hii mukono ni ya kazi gani?" Akasema mitumbwi. Sajini alikuwa mtu wa mtoni na askari wake walikuwa wamekwama bila vyombo vya kuvukia. Akamtoa mstarini. Alichonga mitumbwi kambini pale miezi tisa, wakampa nauli ya mguu, yaani wakamwambia nenda. Nilimwuliza, na wengine wa mstari ule? Akafunga kifungo cha mwisho. "Hao sijuwe, docteur. Sikugeuka."

Kwa hiyo sikuambii kwamba yote yaliisha vizuri. Nakuambia kwamba yule niliyemwandika mimi yuko hai, ana mke, na mkewe alikuwa amekwisha kunyoa nywele na kumfanyia matanga, na alipomwona anapanda kutoka mtoni alipiga kelele akaruka dirisha la nyuma. Mpaka leo, anasema, wakigombana mke humwambia, nyamaza, wewe nilikulia tayari. Sajini yule, nasikia, hakujua kusoma. Aligusa kiganja cha mtu akauliza swali moja, na lilitosha. Nimelitafakari hilo wiki nzima na bado linanichoma, ila sasa linachoma kwa namna ninayoweza kuvumilia.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mitano, maneno mazuri, mengine ya Kiarabu. Nilifika katikati akanikatiza.

"Bon. Nimesikia. Alors, umenipima sasa. Dawa iko wapi?"

Ndiyo hivyo tu. Nikampa kwinini, nikampa vidonge vya damu, nikamwandikia fishi mpya. Niliiandika mara mbili kwa sababu ya kwanza ililowa. Alipokuwa anaondoka nilimpa mkono, na viganja vile bado ni soli.

Tangu jioni ile ninalala. Mama yako anasema ninakoroma, na kwamba alikuwa ameusahau mkoromo wangu, wala hakuwa na hamu nao sana. Pondu ya majani ya muhogo naiona tamu. Leo asubuhi nimemsamehe hata yule fundi aliyeezeka paa letu. Nilitaka uondoke katika nyumba hii ukimwacha baba mwepesi, na ninashukuru Mungu kwamba imekuwa hivyo, ingawa ni siku chache tu kabla ya safari yako.

Utakapokuwa peke yako, utachoka, na mstari utakuwa mrefu, na mtu atakuwa anagonga meza. Labda mkuu wa eneo, labda usingizi wako mwenyewe. Macho yako ni mazuri, Zaina, mazuri kuliko yangu, na ndicho kinachonitia wasiwasi, maana mwenye macho mazuri huona haraka na kuandika haraka. Sina zaidi la kusema juu ya hilo. Umesoma nilichofanya.

Boti yenu italala Yanonge kesho. Nimezungumza na Lofemba kabla hajarudi kwao. Atakuja kukupokea ufukweni na mkewe ametuma habari kwa boti kwamba atakupikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, na usikatae kipande cha kichwa, wataona unawadharau. Anajua wewe ni nani. Nilimwuliza kama angekubali kitu kimoja, akacheka, akasema na alete mikono yake.

Mlaze, mpime, umwandikie fishi. Wiki hii ya kwinini itakuwa imeanza kufanya kazi, kwa hiyo usiandike kile nilichopata mimi, andika utakachopata wewe. Weka jina lako lote chini yake, Zaina binti Amisi, muuguzi. Nakala moja nitumie kwa boti ya kurudi. Nataka niione kwa macho yangu karatasi ya mtu yule yenye jina la nyumba yetu, na aliyeiandika awe amemgusa.

Papa yako,
Amisi